Nani Atauchora Tena Ukuta Huu?

Leo nataka tuzungumze juu ya picha na alama zinazochorwa kwenye kuta za mahali pa watu wote: shuleni, sokoni, zahanati, kituo cha daladala, ukuta wa uwanja wa mpira. Siku hizi zinachorwa kwa wingi, na mimi nafurahi. Lakini kila ninaposikia ukuta mpya umezinduliwa kwa utepe na hotuba, swali linalonijia ni moja: rangi hii ikishapauka, nani atauchora tena?

Nauliza hivyo kwa sababu naamini kwamba picha kuwekwa barabarani hakutoshi kuifanya mali ya umma. Inakuwa mali ya umma pale watu wa mahali hapo wanapozijua alama zake, wanapokuwa na haki ya kuzibadili, na wanapolazimika kurudi kuzichora upya kwa mikono yao wenyewe. Hilo la kurudi ndilo husahauliwa, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi leo.

Twende kwanza Burkina Faso, kusini kabisa, karibu na mpaka wa Ghana. Huko kuna kijiji kiitwacho Tiébélé, cha watu wa kabila la Wakasena. Ndani yake yapo makao ya chifu, boma la nyumba za udongo lenye ukubwa wa hekta moja na ushee, ambalo historia yake inarudi nyuma hadi karne ya 16. Nyumba zimebanana. Zipo za duara kwa vijana ambao hawajaoa, za pembe nne kwa wenye ndoa changa, na nyingine zenye umbo la tarakimu nane, wanamokaa wazee, wajane na watoto. Mlango wa nyumba hizi za wazee ni mfupi mno. Mtu mzima anaingia kwa kuinama, na akishaingia anakutana na kikuta kidogo mbele ya uso wake. Ilikuwa mbinu ya ulinzi. Adui aliyetanguliza kichwa hakuwa na nafasi ya kuinua silaha.

Lakini kinachowaleta wageni pale ni kuta zenyewe. Zimechorwa kuanzia chini hadi juu kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Wanaume hujenga, wanawake huchora. Elimu ya kuchora iko mikononi mwa wanawake peke yao, nao huirithishana kutoka kwa bibi kwenda kwa binti.

Naomba nieleze namna kazi inavyofanyika, kwa kuwa humo ndimo lilimo fundisho. Kazi huanza kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani na mvua hazijafika. Wanawake wa nyumba ile na majirani zao hukusanyika, wakiongozwa na mama mtu mzima anayeijua kazi kuliko wengine. Kwanza ukuta hukandikwa upya kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Kandiko likiwa bado bichi, mistari ya nakshi hukwaruzwa juu yake. Kisha zinafuata rangi: nyekundu hutoka kwenye udongo mwekundu, nyeupe kwenye udongo mweupe au mawe laini meupe, nyeusi kwenye mkaa au mawe meusi yaliyosagwa. Rangi ikishakaa, wanachukua kokoto laini za mtoni na kuisugua kwa nguvu, mraba baada ya mraba, mpaka ukuta ung'ae. Mwisho wanachemsha maganda ya matunda ya mti uitwao nere, na maji yake ya kahawia hupakwa juu ya kazi nzima ili kuikinga.

Sasa fikiria jua la kiangazi la huko. Kandiko la udongo halimngojei mtu. Likikauka kabla mistari haijakwaruzwa, kazi imeharibika. Mwanamke mmoja, hata angekuwa hodari namna gani, hawezi kuumaliza ukuta mkubwa peke yake kwa wakati. Kwa hiyo ushirikiano wa Tiébélé haukutokana na semina wala mradi. Umewekwa na udongo wenyewe. Huyu anakanda, yule anakwaruza, wengine wanasugua, wasichana wanachota maji na kuangalia, na mwakani mmoja wao atapewa kona ndogo ya ukuta ajaribu.

Na alama? Utamwona chatu, anayeheshimiwa kwa sababu anahusishwa na roho za mabibi waliotangulia. Utamwona mamba, mnyama mtakatifu kwao. Utamwona kobe, na mjusi, na nyota na mwezi. Kuna nakshi za pembetatu zinazosimama badala ya vipande vya kibuyu kilichovunjika. Kibuyu kwao ni chombo cha kila siku cha mwanamke, kwa kuchotea, kulia na kunywea. Kuna mistari inayokatana kama wavu wa kuvulia samaki. Kuna mabawa ya mwewe. Mgeni anaona nakshi nzuri zinazofuatana. Mtoto wa pale anaona chakula, hatari, nasaba na dua, na hahitaji kibao cha maelezo pembeni.

Halafu mvua inakuja. Inapiga kuta zile, inakula pembe, inafifisha nyeupe, inamega kandiko. Baada ya misimu kadhaa ukuta unakuwa umechoka, na wanawake hawana budi kukusanyika tena. Hapa ndipo ninapoiona siri ya jambo lote. Kuharibika kwa ukuta ndiko kulikoiweka hai elimu yake. Kama Wakasena wangekuwa na rangi ya kudumu miaka mia moja, bibi angechora mara moja, binti angekuta kazi imekwisha, na mjukuu angebaki kuuliza yale mapembetatu yana maana gani. Mvua imemlazimisha kila kizazi kushika udongo.

Julai 2024, katika kikao kilichofanyika New Delhi, UNESCO iliyaingiza makao hayo ya chifu wa Tiébélé katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nilifurahi sana, na bado nafurahi. Wanawake wale wanastahili. Wasiwasi wangu ni kwamba mahali pakishaitwa urithi, watu wengine huanza kudai pabaki vilevile kama palivyokuwa kwenye picha ya kitabu. Wenyewe Tiébélé tayari wako wanaotumia lami kwa rangi nyeusi, kwa kuwa inadumu zaidi. Wapo watakaosikitika. Mimi nasema ukuta ni wao, na lami ni uamuzi wao. Ningesikitika siku ambayo kampuni ya ukarabati kutoka nje ingekabidhiwa kuta zile na wanawake wakaambiwa wakae kando watazame.

Alama kubadilika si jambo la kuogopa, na ushahidi upo Afrika Kusini, kwa Wandebele. Mwaka 1883 Wandebele walishindwa vita na jamhuri ya Makaburu ya Transvaal. Chifu Nyabela alijisalimisha, ardhi ikagawiwa kwa walioshinda, na watu wakasambazwa katika mashamba ya wazungu kufanya kazi ya kulazimishwa kwa miaka mitano. Ukoo uliokuwa ukikaa pamoja ukatawanyika. Katika maisha hayo ya kutawanyika, wanawake walichora kuta za nyumba zao kwa namna iliyomfanya kila Mndebele apitaye ajue kwamba hapa pana mwenzake. Kwa mwenye shamba yalikuwa mapambo tu.

Na kwa kuwa kuta zilichorwa upya mara kwa mara, kila kilichoingia katika maisha kiliingia ukutani. Wembe ukawa nakshi. Taa ya umeme ikachorwa katika nyumba ambazo hazikuwa na umeme. Ndege ya angani ikapata mahali pake. Esther Mahlangu, aliyezaliwa 1935, alifundishwa kuchora na mama yake na bibi yake akiwa na umri wa miaka kama kumi. Mwaka 1989 kazi yake ilionyeshwa Paris, na mwaka 1991 alilichora gari la BMW kwa nakshi za Kindebele, mwanamke wa kwanza kupewa kazi ya namna hiyo na kampuni ile. Anachora kwa unyoya wa kuku, bila rula, na mstari wake unanyooka kuliko wa fundi mwenye vipimo. Lakini katika sifa zake zote ninayoipenda kuliko zote ni hii: ameendelea kuwafundisha watoto nyumbani kwake Mpumalanga.

Karibu zaidi na sisi, Rwanda kuna imigongo. Hii ni sanaa ya mashariki ya nchi hiyo, upande wa Kirehe, ambayo masimulizi huinasibisha na Kakira, mtoto wa mfalme wa Gisaka katika karne ya 18. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, inafinyangwa kwa vidole kuwa matuta membamba juu ya ukuta, kisha inapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ni maumbo matupu, kama pembe na mizunguko, na wanaoijua huyataja kwa majina. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 sanaa hii ilikuwa karibu kupotea, na ikafufuliwa na wanawake waliojiunga katika ushirika, baadhi yao wajane. Leo imigongo inafanywa zaidi juu ya vibao vinavyouzwa. Siwezi kumlaumu mjane anayelisha watoto kwa kibao chake. Ametenda kazi kubwa. Ila kibao kinaondoka na mnunuzi. Ukuta unabaki na mtaa. Ningetamani kuona, kwa kila shehena ya vibao inayopanda ndege, ukuta mmoja wa shule ya kijijini ukifinyangwa na wanafunzi wakiongozwa na mama hao hao.

Pengine unaniambia: hayo ni ya vijijini, ambako watu ni ukoo mmoja. Mjini je, ambako hata jirani hujui kwao ni wapi?

Mjini nako alama zipo, na wenye nazo wapo. Mwaka 2001 pale Kibera, Nairobi, vijana wawili, Otieno Gomba na Kota Otieno, walianzisha kikundi cha Maasai Mbili. Walianza kama mafundi wa kuandika mabango: kinyozi, hoteli, duka la dawa, fundi viatu. Kikundi kikakua kuwa studio ya wasanii, lakini mguu wake mmoja haukutoka kwenye bango la mtaani. Naliona hilo ni jambo kubwa. Fundi wa mabango ndiye msanii anayeambiwa ukweli na wateja wake siku hiyo hiyo. Akichora mkasi usioeleweka, kinyozi hapati mtu, naye halipwi.

Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoleta machafuko nchini Kenya, na zaidi ya watu elfu moja wakauawa, mchoraji wa Kibera Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alizunguka na kopo la rangi akiandika maneno machache ya kutaka amani kwenye kuta, vibanda na barabara. Hapakuwa na muda wa kuitisha mkutano wa wakazi. Nyumba zilikuwa zinaungua. Alichokuwa nacho ni kwamba alikuwa mtu wa pale pale. Alijua njia ipi inapitwa na watu wote na maneno mangapi mtu anayekimbia anaweza kuyasoma. Nasema hivi ili nisieleweke kwamba kila alama lazima ipigiwe kura. Wakati mwingine jamii inashiriki kupitia mtoto wake mmoja ambaye inamfahamu.

Tatizo la miji yetu ni jingine. Nafasi ya alama inachukuliwa. Pita barabara yoyote kubwa ya Tanzania, Kenya au Uganda uangalie maduka. Safu nzima imepakwa rangi ya kampuni ya simu, inayofuata ya kinywaji, inayofuata ya saruji. Mwenye duka kapata rangi ya bure, na jina lake limebanwa pembeni kwa herufi ndogo. Wakati huo huo fundi aliyekuwa akichora kuku na chipsi kwa brashi amekosa kazi, kwa sababu bango la plastiki linachapishwa kwa mashine kwa saa moja. Mtaa unabaki na rangi nyingi na hauna alama hata moja iliyotoka kwake.

Watu wetu, msikilizaji, ni wasomaji wakali wa alama. Mtazame mwanamke wa pwani akinunua kanga. Kabla hajauliza bei, anaifunua asome jina, kwa kuwa anajua siku atakapoivaa mtaa mzima utalisoma. Wenye madau, wafuma mikeka ya ukili, wachonga milango wa Lamu na Unguja, wafugaji wenye chapa za ng'ombe wao: hawa wote wanaishi na alama. Halafu tunapotaka kupamba zahanati yao tunaagiza picha ya daktari anayetabasamu kutoka kwenye intaneti.

Swali la ufundi linabaki: mikono mingi isiyojua kuchora itawezaje kufanya kazi nzuri kwenye ukuta mkubwa? Liko jibu zuri kutoka Philadelphia, Marekani. Mji huo ulianzisha mwaka 1984 kampeni ya kupambana na michoro isiyo na kibali, na msanii Jane Golden akaajiriwa kufanya kazi na vijana waliokuwa wakichora usiku. Kutoka hapo ukazaliwa mpango wa picha za ukutani ambao umeujaza mji ule kwa maelfu ya kazi. Mbinu yao mojawapo ni hii. Mchoro mkubwa unagawiwa miraba. Kila mraba unahamishiwa kwenye kipande cha kitambaa chepesi, chenye mistari na namba za rangi. Vipande hivyo vinapelekwa shuleni, kwenye makazi ya wazee, hata magerezani, watu wanavipaka rangi wakiwa wamekaa mezani, kisha vinabandikwa ukutani kwa gundi maalumu mpaka huwezi kujua viliungwa. Mzee asiyeweza kupanda ngazi anashiriki. Mfungwa anashiriki katika picha ya mtaa aliotoka.

Naisifu mbinu hiyo, kwa sharti moja. Kujaza rangi ndani ya mistari iliyochorwa na mwingine ni sehemu ndogo ya kushiriki. Anayeamua alama gani ikae ukutani ndiye mwenye ukuta. Kwa hiyo kikao cha kuchagua alama kitangulie, na kiwe kirefu.

Mwalimu mkuu, mwenyekiti wa mtaa, mama wa kikundi cha soko, hapa nazungumza na wewe. Usianze na msanii. Anza kwa kuwaita watu waje na alama zao: chapa ya mifugo ya babu, nakshi ya mkeka, umbo la mlima au mti ambao kila mtu anautumia kuelekeza njia, kifaa cha kazi yake. Mama lishe aje, kijana wa bodaboda aje, watoto waje. Zichoreni alama hizo chini, kwenye vumbi, kwa kijiti, kabla hamjagusa karatasi. Ugomvi utatokea, na uacheni utokee. Alama moja kwa hawa ni baraka, kwa wale ni msiba. Ni bora mlijue hilo kabla ya kununua rangi kuliko kulijua asubuhi mnapokuta ukuta umepakwa matope. Angalieni pia rangi zenyewe, maana katika nchi zetu mchanganyiko wa rangi mbili tu unaweza kusomwa kama bendera ya chama, na nusu ya mtaa ikasusa.

Msanii aitwe baadaye, alipwe vizuri, na kazi yake iwe kuzipanga alama zilizochaguliwa ziwe picha moja inayopendeza. Hiyo ni kazi ngumu inayohitaji mtu aliyesomea au aliyekomaa. Mfadhili naye akaribishwe. Jina lake liwe dogo, chini, pembeni, na asichague chochote.

Pale inapowezekana tumieni udongo wa kwenu. Mikoa yetu imejaa udongo mwekundu, mweupe na wa njano, na bado ziko nyumba ambazo akina mama huzipaka kila mwaka kabla ya sikukuu bila kuambiwa na mtu kwamba wanafanya sanaa. Mtu akikwambia rangi hiyo haidumu, mjibu kwamba unajua, na kwamba ndiyo sababu umeichagua.

Nina ombi moja kwa halmashauri, shule na mashirika yanayogharamia kuta hizi. Msitumie fedha zote siku ya kwanza. Tengeni fungu la pili, liandikwe kabisa kwenye bajeti, la kuuchora ukuta ule ule baada ya miaka mitatu, na brashi wapewe wale waliokuwa watoto mlipouchora mara ya kwanza, wakiwa na ruhusa ya kuondoa alama moja na kuweka yao.